Dhoruba ya Sebuleni

Nyumba ninayofanyia kazi ina picha moja ambayo nimekatazwa kuigusa. Ni picha ya rangi ya mafuta, si kubwa, mtu anaweza kuibeba kwapani, na ilichorwa Uholanzi karne nyingi zilizopita na mchoraji ambaye hata sir mwenyewe anasema hakuwa maarufu. Babu yake sir aliinunua, baba yake akairithi, na sasa imefika Dubai, kwenye ghorofa ya juu, sebuleni upande wa meza ya chakula, ambako madirisha yanatazama bahari ya Jebel Ali. Ukutani chini yake kuna kisanduku kinachoonyesha joto na unyevu. Kiyoyozi cha sebule ile hakizimwi, tuwepo tusiwepo. Siku ya kwanza madam alinitembeza nyumba nzima akinionyesha vya kusafisha. Tulipofika hapo akaniinulia kidole: "This one, never." Nikaelewa kwamba hata vumbi lake si langu.

Picha yenyewe ni ya dhoruba. Bahari yake haina buluu hata kidogo, ni rangi ya maji yaliyofuliwa nguo za gereji. Mawingu yamechukua zaidi ya nusu. Kuna meli tatu: moja imeshagonga mwamba, moja inaelekea huko huko, na ya tatu kwa mbali inajaribu kukimbia. Bendera na matanga vimevutwa upande mmoja, maana upepo ni mmoja. Pembeni pipa linaelea. Karibu na mwamba kuna mashua, na ndani yake watu wadogo kama punje za mchele, wote wameinua mikono juu. Katikati ya mawingu mchoraji ameacha tundu la mwanga, na mwanga ule unashuka mpaka majini, mahali ambapo hapana meli wala mtu.

Haya nimeyajua kwa sababu sir hana mgeni asiyemsimulia, nami ndiye ninayepitisha sahani. Nimesikia kwamba pwani ya kwao haina miamba, ni mchanga mtupu, na kwamba wachoraji walibuni miamba ili dhoruba ikolee. Wageni hucheka hapo. Nimesikia pia kwamba watu wa enzi zile walizipenda sana picha za namna hii, na kwamba mara nyingi walionunua ni wenye mizigo na hisa katika meli. Siku niliyolisikia hilo nilikuwa nimeshika bakuli la kachumbari, nikasimama nalo kama mjinga. Yaani mwenye meli anakaa pakavu, anakula, na juu ya kichwa chake ametundika watu wanaozama. Sir mwenyewe kazi yake ni bima za meli. Dhoruba ndiyo inayomlisha, na sijapata kumwona amelowa.

Naandika nikiwa na hasira, lakini sitamsingizia. Si mtu mbaya. Hajanipandishia sauti hata mara moja, na siku yangu ya mapumziko haiguswi. Nikienda Bur Dubai kutafuta khanga za kutuma Tanga, hata simu hanipigii. Madam ndiye mwenye yalla, yalla zake za kuniharakisha, na hata yeye nimeshamzoea. Ninachokisema hapa ni kingine.

Baba watoto ni baharia. Alikuwa fundi wa chumba cha injini kwenye meli ndogo ya mafuta, tanki la zamani lililopakwa rangi nyekundu mpaka kutu imefunikwa. Tulifurahi sana alipopangiwa meli inayozunguka Ghuba, tukasema sasa tutakuwa tukionana. Kuonana tulionana, maana meli ile ilikuja kutia nanga nje ya Jebel Ali na haikuondoka tena. Mwenye meli aliacha kupokea simu. Kwanza yakakoma mafuta ya jenereta, halafu nyama, halafu maji yakawa ya kupimiana. Asubuhi nikifungua mapazia ya sebule niliweza kuiona, kidoa chekundu kati ya meli nyingine. Nilikuwa nikisimama pale, mgongoni kiyoyozi cha picha kinapuliza, mbele yangu mume wangu analala juu ya sitaha kwa sababu ndani ya vyumba vya chuma hakukaliki.

Watu huniuliza kwa nini hakushuka tu. Meli iliyotia nanga haiachwi bila watu. Anayeshuka lazima aletewe wa kushika nafasi yake, na wa kumleta ni mwenye meli, na mwenye meli ndiye huyo aliyezima simu. Ili ateremke alihitaji mtu mwenye sauti, mtu wa kupiga simu mahali na kusema, hawa watu watolewe. Na mimi nilikuwa nikimpikia mtu wa namna hiyo kila siku ya Mungu.

Basi nikawa nangojea nafasi ya kumwambia. Ikaja yenyewe, kwenye chakula cha mchana, wageni wapo. Sir alikuwa amefika kwenye wale watu wa mashua, akageuka akaniona, akasema kwa furaha kwamba mume wangu pia ni mtu wa baharini. Hajambo? Wageni wote wakanitazama. Nikasema, "He is fine, sir, thank God, only..." Basi. Aliposikia "fine" akatabasamu, akasema "Very good," akarudi kwenye mashua yake. Ile "only" yangu ikabaki hewani, nami nikarudi nayo jikoni.

Sikusema uongo. Kwetu mtu akikuuliza hali hummwagii matatizo mlangoni. Unaanza na salama. Atakuuliza za nyumbani, utasema nzuri. Atakuuliza za watoto, utasema hawajambo. Kisha atakutazama vizuri akuulize, na wewe mwenyewe je? Hapo ndipo unasema: salama, ila tumefiwa. Salama, ila nyumba imeungua. Mtu akikuuliza mara moja tu akaondoka, huyo hakukuuliza, amekupita. Nimelelewa hivyo, na sikujua kama ni desturi mpaka nilipokaa na watu wasiokuwa nayo.

Aliyenifumbua macho ni mlinzi wa mapokezi kule chini, Mkenya wa bara, kijana wa miraba minne asiye na subira. Nilimsimulia nikisubiri lifti ya wafanyakazi. Akanitolea macho.

"Dadangu, wewe uko sawa kweli? Mtu anakuuliza how is he, unamwambia fine. Sasa akusaidie na nini? Fine inasaidiwa na nini?"

"Nilikuwa ndiyo naanza kumweleza."

"Unaanza na fine! Nyinyi Watz mtakufa mkisema salama. Hawa watu ukitaka kitu unawaambia straight: sir, I have a problem. Problem inakuja kwanza. Salamu utapeana baadaye."

Nilimwona hana adabu. Lakini nililala na maneno yake, na kesho yake nilipompelekea sir kahawa sikungoja aniulize. Nikasema, sir, nina tatizo. Nikamwambia meli imetelekezwa, hakuna umeme, maji ni ya kubabaisha, mume wangu na wenzake wanataka kushuka. Sauti yangu ilikuwa kali hata mwenyewe nikaisikia. Sir akaweka kikombe chini. Akaniuliza jina la meli, akaliandika kwenye simu yake, akasema anamjua mtu katika ofisi moja inayoshughulika na mambo hayo, atamwomba awasiliane na meli moja kwa moja. Nilitaka kumbusu mkono. Nikampikia siku ile samaki wa nazi ambaye hakuagiza.

Haikupita wiki akarudi kutoka kazini akaja mpaka jikoni, jambo ambalo hafanyi. Uso unang'aa. Akasema habari ni nzuri: yule mtu ameipigia meli simu, amezungumza na mume wangu mwenyewe kwa sababu ndiye mwenye Kiingereza kizuri, na mume wangu amesema wako salama. Kwa hiyo nisiwe na wasiwasi tena.

Nikachukua simu nikaingia chumbani kwangu, kile chumba cha nyuma ya mashine ya kufulia, nikampigia baba watoto.

"Kuna mtu kakupigieni?"

"Eh, kumbe unajua? Jamaa mmoja mstaarabu sana, mama watoto. Kaniuliza hali, nikamwambia tunamshukuru Mungu, tuko salama. Akasema good, good, akakata. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza."

"Ulikuwa unaanza nini?"

"Si kumweleza! Nilitegemea ataniuliza za wenzangu, za chakula. Hakuuliza. Nikajua labda atapiga tena."

Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mume wangu kabla ya siku ile. Nilimwambia mtu mzima mwenye ndevu anaulizwa swali moja la kumtoa kifungoni anajibu kama yuko kwenye harusi. Akasema, kwa unyonge ulionikata maini, "Sasa ningeanzaje? Mtu hunijui, simu ya kwanza, nikuanzie na shida?" Na mimi ninayempigia kelele ndiye niliyesema "fine" mbele ya wageni. Nilikata simu nikalia ndani ya taulo za madam.

Nilirudi kwa sir. Nikajaribu kumweleza kwamba ile ilikuwa salamu tu, jibu lilikuwa bado linakuja. Alinisikiliza kwa makini, kisha akacheka kidogo, si kwa dharau, akauliza: kama hawako salama, kwa nini aseme wako salama? Nikamtazama. Nikatazama na ile picha nyuma yake, wale watu wa punje za mchele na mikono yao juu. Wale hawakulelewa kwetu. Wale dhoruba ikiwashika wanapunga, wanapiga mayowe, na mtu wa mbali akitazama anajua mara moja kuna kuzama. Mchoraji angetuchora sisi angetuchora tumekaa kwenye mashua, maji shingoni, mkono mmoja kifuani tukimjibu anayeuliza. Nani angenunua picha hiyo?

Sir alisema ameona haya kumsumbua tena yule mtu, maana ameshalifunga jambo kwa maneno ya mume wangu mwenyewe. Alisema tusubiri kidogo. Inshallah, akaongeza, neno alilojifunza hapa Dubai.

Kati ya siku hizo za kusubiri kiyoyozi cha sebule kiliharibika. Niliona namba za kisanduku zimeanza kupanda, nikamwambia madam, madam akapiga ukelele. Fundi alifika kabla sijamaliza kuosha vyombo. Hata hivyo sir hakungoja. Aliifunga picha kwa blanketi laini, akaishusha mwenyewe kwa lifti, akaiweka kwenye gari lililokuwa tayari linanguruma kwa ubaridi, akaipeleka Al Jaddaf kwa rafiki yake mwenye ghala la kutunzia michoro. Nilimfungulia milango. Aliibeba kama mtu anayebeba mgonjwa wa homa. Wakati ule baba watoto alikuwa ameanza kukojoa damu kwa sababu ya maji yale, na alikuwa ameniambia hivyo kwenye swali la tatu, baada ya salama mbili.

Halafu ikaja shamali. Ni ule upepo wa hapa unaokuja na vumbi, mji unakuwa wa njano na bahari inavimba. Ilikuwa Jumapili, sir yuko nyumbani. Picha ilikuwa imesharudi ukutani. Alisimama dirishani na kamera yenye mdomo mrefu, amechangamka kama mtoto, akiita watu waje waone: mawimbi, mawingu, rangi ile ile ya matope. Alikuwa anaangalia nje, anageuka kuangalia ukutani, anaangalia nje tena. "It's the same," akasema. "Exactly the same." Akanipa darubini yake, kwa wema kabisa, nitazame na mimi.

Nilikitafuta kidoa chekundu nikakipata. Kilikuwa kimehama. Meli nyingine zote zimeelekeza pua upepo unakotoka, ile peke yake imekaa ubavu, inasogea. Nikasema, sir, ile meli inakwenda. Akachukua darubini, akatazama, na nakiri kwamba safari hii hakuniuliza hali. Alikimbilia simu.

Yaliyotokea kule nimesimuliwa. Nanga ilikuwa inaburuta, injini haina mafuta, kwa hiyo wakaenda mbele kuteremsha nanga ya pili kwa mikono. Breki ya mnyororo ilikuwa imeganda kwa kutu. Ilipoachia iliachia yote kwa mpigo, mnyororo ukaondoka na mkono wa kulia wa baba watoto, kutoka chini kidogo ya kiwiko. Kabla ya magharibi matagi, zile boti za kuvuta meli, yalikuwa yamefika na wote wameteremshwa nchi kavu. Kumbe inawezekana. Miezi yote ile, meli ilipokuwa na watu wenye kiu ndani yake, haikuwa na mwenyewe. Ilipoanza kuelekea kuzigonga meli za wengine, ikapata wenyewe tele, kwa saa chache, bila kumpigia mtu simu ya kumuuliza hali.

Sir alinipa ruhusa na gari mpaka hospitali. Baba watoto alikuwa kitandani, mweupe midomo, ile bandeji imeishia mahali ambapo mkono haujaishia machoni mwangu mpaka leo. Nikamshika mguu, maana sikujua pa kumshika. Nikasema, hali yako?

"Salama, mama watoto," akasema. "Ila..."

"Usiniambie salama!" Nilipiga kelele mpaka nesi akaja mbio. "Usiniambie tena salama, unanisikia? Anza na ila! Anza na ila!"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aingie msikitini na viatu. Machozi yakamtoka, yangu yakawa yameshatoka zamani. Alipopata nafuu alirudishwa Tanga. Fundi wa injini, mkono wa kushoto peke yake. Mimi nimebaki, kwa sababu sasa anayefanya kazi ni mmoja.

Picha aliyopiga sir siku ile ilitoka nzuri. Aliitengenezea fremu nyeusi yenye kioo, akaitundika kwenye korido ya kuelekea sebuleni. Aliniita nione, akasema ni kumbukumbu, kwa heshima ya mume wangu. Kidoa chekundu kipo, kushoto chini, kimekaa ubavu. Ukiisogelea mpaka pua iguse kioo huoni mtu. Hiyo naruhusiwa kuifuta, na naifuta kila Jumatatu kwa dawa ya madirisha.

Sasa hadithi ya sir kwa wageni imerefuka. Anaanza na ya ukutani, miamba ya kubuni, wenye hisa, mwanga, kisha anawapeleka koridoni, kisha wanarudi mezani. Wiki iliyopita walikuwepo wageni wapya, na walipokwisha kukaa sir akaniita, uso wake umejaa wema ule ule. Akawaambia mume wangu alikuwa ndani ya meli ile. Akaniuliza, "And he is fine now, yes?"

Nilikuwa nimejiapiza. Sikuanza na salama, wala kumshukuru Mungu. Nikasema, "No, sir. He has no right hand. He cannot button his shirt."

Uma mmoja ukawekwa chini. Mama mmoja, mgeni, akaweka kiganja kifuani akasema, lakini yuko hai, na hilo ndilo kubwa. Wengine wakaitikia, ndiyo, yuko hai. Nikaona mabega yao yanashuka, sir akashusha yake, akageuka kwenye picha akanyoosha kidole kwenye lile tundu la mawinguni. "You see?" akasema. "He always leaves us the light."

Wakaitazama. Nikaitazama nami, pale mwanga unapoangukia, kwenye maji matupu. Nikakusanya sahani.

Siku iliyofuata, saa ya kupumzika, baba watoto akapiga simu. Naijua siku hizi namna anavyopiga, inachukua muda kidogo kabla sauti haijaja, anaiweka simu mezani kwanza.

"Habari za huko, mama watoto?"

"Nzuri."

"Za kazini?"

"Nzuri tu."

Nilisikia kuku wa jirani yetu nyuma yake.

"Na wewe mwenyewe je?"

Nikafunga mlango wa chumba cha mashine, nikakaa chini, nikaanza kumwambia.